Miaka 16 sijaswali, na kazi yangu ni barabarani. Nianzie wapi?

Mwana wa Muheza

Asalaam alaykum. Wakubwa shikamooni.

Nina miaka 43. Naendesha semi, Dar kwenda Tunduma, na mara nyingine navuka hadi Lubumbashi kufuata shaba. Kazi hii niliianza nikiwa utingo wa miaka 22. Kwetu Muheza, mke na watoto wako Mbagala. Naandika hapa kwa sababu humu hakuna anayeijua sura yangu, na jambo lenyewe sijaweza kumwambia mtu, hata mke wangu.

Mwaka jana mwezi wa tisa mama alifariki. Simu ilinikuta Mafinga. Gari nikaliacha Iringa kwa dereva mwenzangu, nikapanda basi, nikafika Muheza mama ameshaoshwa na kukafiniwa. Baada ya adhuhuri jeneza likawekwa mbele msikitini. Imamu akageuka akauliza: "Mwanawe mkubwa yupo? Yeye ndiye mwenye haki ya kuswalisha." Watu wote wakanitazama.

Nikaweka simu sikioni kama mtu aliyepigiwa, nikatoka barazani. Aliyemswalisha mama ni mdogo wangu, kitinda mimba. Nilirudi wakiwa takbira ya pili, nikajibana safu ya mwisho, udhu sina. Wakiinua mikono nami nainua. Takbira ya tatu ndiyo ya kumwombea maiti, hilo nalikumbuka toka chuo cha Kurani. Pale nilisimama kinywa kimefumba. Mama aliyenibeba mgongoni kunipeleka chuo siku za mvua, mimi sikuwa na neno moja la kumsindikizia.

Chuoni nilifika sura ya Lamyakun, nikaacha nilipoanza kwenda shamba na mjomba. Swala niliendelea nayo mpaka nilipokabidhiwa gari. Sikuiacha kwa kukasirika na mtu wala kwa kushawishiwa. Leo umeikosa alfajiri kwa sababu unawahi mizani, kesho umeiunganisha na usingizi, mwezi ukipita unaona mwili haudai tena. Baadaye ikaja bia pale tunapolaza magari, halafu pombe kali ili usingizi uje haraka. Na kuna jambo zito zaidi nalisema leo kwa mara ya kwanza: miaka mingi nimekuwa nikiuza mafuta ya tajiri wangu. Dumu mbili safari hii, dumu tatu ile. Kila dereva niliyemkuta alikuwa anafanya, lakini hilo halinisaidii nikilala.

Toka mazishi nimetaka kurudi. Mara nne nimesimamisha gari karibu na msikiti nikabaki ndani ya kabini nimeshika usukani, naangalia watu wanatawadha, halafu nawasha injini. Naogopa kuonekana. Alhamdu ninayo, Kulhuwallahu ninayo, Inna aatwaina ninayo, lakini Tahiyatu imenitoka yote, nikikaa kitako pale sijui niseme nini. Kunuti, ile dua ya swala ya alfajiri, ndiyo kabisa. Na mwezi wa kumi na mbili nilikunywa tena, rafiki akaniambia aliyekunywa swala yake haikubaliwi siku 40, basi nikaanza kuhesabu siku 40 nipate kuanza nikiwa safi. Nimehesabu mara tatu, kila nikikaribia naanguka, hesabu inarudi sifuri.

Sasa nauliza mliowahi kurudi kutoka mbali: mliupata wapi ujasiri wa siku ile ya kwanza? Na mtu wa barabarani kama mimi aanzie wapi?

---

Abu Twaha

Kaka, shuka kwenye gari uingie. Wanaotawadha pale kila mmoja ana lake. Nakuombea.

---

Maalim wa Kisauni

Waalaykum salaam warahmatullah, ndugu yangu. Mola amrehemu mama yako, amfanyie wasaa kaburini mwake. Mimi nasomesha watu wazima hapa Mombasa baada ya isha, na wengi wao ni madereva, mabaharia na walinzi, kwa hiyo haya yako si mageni kwangu.

Nianze na hizo siku 40 kwa sababu ndizo zilizokufunga. Hadithi ipo, rafiki yako hakusema uongo. Lakini alikukatia nusu. Mwisho wake inasema kwamba akitubu, Mwenyezi Mungu humpokelea toba yake. Na wanavyuoni wameeleza kuwa kutokubaliwa kule ni kukosa thawabu, si kuondokewa na faradhi. Aliyekunywa jana akalevuka leo, adhuhuri ya leo inamdai. Kinachokatazwa ni kuisogelea swala ukiwa umelewa, nayo iko wazi katika Surat An-Nisaa. Kwa hiyo ile hesabu itupe. Umekuwa ukikaa nje ya mlango siku 40 kungojea usafi, ilhali maji ya kujisafishia yako ndani.

Tahiyatu: iandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, uiweke mbele yako, usome ukiangalia. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, kusoma kwa kuangalia hakuvunji swala. Baada ya siku chache utaona macho hayaendi tena kwenye karatasi. Kunuti isikutishe hata kidogo, ni sunna. Ukiiacha, unaleta sijida mbili za kusahau kabla ya salamu, na swala yako iko pale pale.

Safari nayo imekurahisishia, hujui tu. Ukishatoka mjini kwako kwa safari inayopita kilomita 80 hivi, adhuhuri, alasiri na isha zinakuwa rakaa mbili mbili. Magharibi inabaki tatu, alfajiri mbili. Mwenye kukaa nyumbani anadaiwa rakaa 17 kwa siku, wewe uko njiani unadaiwa 11. Tena unaruhusiwa kuunganisha adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha. Yaani vituo vitatu kwa siku. Na wewe husimami kula na kukagua matairi? Mambo ya kibla utayaweza kuliko sisi wa mjini. Huko kwenu bara kibla ni kaskazini ukielekea kidogo tu upande wa mashariki, kwa hiyo jua linapotua linakuwa mkono wako wa kushoto.

Swala za miaka 16: kwetu Washafii deni hilo lipo, linalipwa. Lakini nimeona watu wakipiga hesabu ya miaka yote siku ya kwanza, wakashika kichwa na kwenda zao. Wewe shika swala ya leo kwanza. Ikitulia, kila faradhi iongezee moja ya kulipa. Ukifa ukiwa unalipa, umekufa ukiwa mlipaji.

Mafuta sasa, na hapa sitakulegezea. Toba ya dhambi iliyo baina yako na Mola wako ina masharti matatu: uiache, uijutie, uazimie kutoirudia. Ikigusa haki ya mtu, linakuja sharti la nne, haki irudi kwa mwenyewe au akusamehe. Si lazima ujifedheheshe. Ukiweza kumrudishia thamani yake kwa njia ya kimya, kwa mfano ukanunua mafuta kwa posho yako ukayatia kwenye gari lake safari baada ya safari, haki imefika.

---

Mnyakyusa wa Rungwe

Kaka, mimi si Mwislamu, ni Mmoravian, lakini nimeguswa siwezi kupita. Barabara yako naijua, nilipeleka mafuta Tunduma miaka tisa. Nikisoma umeshika usukani unaangalia watu wanatawadha, nakuona kabisa.

Kwetu mtu akiharibikiwa anatengwa, na akitaka kurudi anarudishwa kundini mbele ya usharika wote. Mimi nilikuwa nimeacha mke nikaishi na mwanamke mwingine Makambako miaka sita. Nilipomrudia mke wangu alinipokea yeye mapema kuliko nilivyoweza kurudi kanisani. Jumapili tatu nilivaa suti nikafika mpaka kwenye mti ulio nje, wakianza wimbo wa kwanza nageuza. Jumapili ya nne ikanyesha mvua, na mvua ya Rungwe mnaijua. Niliingia kwa ajili ya mvua. Sitaki kusema nilikuwa jasiri, sikuwa. Nilisimama karibu na mlango natiririka maji. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye ndiye nilikuwa namwogopa kuliko wote, alisogea kwenye benchi akapiga piga mbao kwa mkono, nikae. Akanipa kitabu chake cha nyimbo kikiwa kimefunguliwa pale walipofika. Hakusema neno mpaka ibada ikaisha. Akaniuliza tu, "Kahawa imekubali mwaka huu?"

Wale ninaodhani walinisema walikuwepo, sikatai. Lakini sikumbuki majina yao. Huyo mzee ningemchora.

Hilo la mafuta, kwa heshima ya Maalim, mimi naona umwambie tajiri. Mimi nami niliuza. Nilianza kurudisha kimya kimya kama anavyosema Maalim, na kila tajiri aliponisifia kwamba gari langu sasa halili mafuta nilikuwa nakufa upya. Mwishowe nikamwambia. Alinifukuza, niwe mkweli kwenu. Nikakaa bila kazi miezi mitano. Ila usiku nililala.

---

Maalim wa Kisauni

Ndugu wa Rungwe, ahsante, nakuheshimu kwa ulilofanya. Sheria yetu haimlazimishi kujifichua, na ana watoto wa kulisha. Lakini kama moyo wake utamtuma kusema, hilo ni juu zaidi. Achague mwenyewe.

---

Bi Mkubwa wa Makunduchi

Mwanangu, marahaba. Nimemwomba mjukuu wangu anisomee ulichoandika mara mbili, kisha nikamwambia aandike na mimi nitamke.

Mimi nilianza kusoma Kurani na miaka 52. Baba alisomesha wavulana, sisi wanawe wa kike tukapelekwa mwani na jikoni. Swala nikiswali, lakini kwa kufuata sauti tu, maneno mengine nikiyapotosha sijui. Mume wangu alipotangulia nikaenda darsa ya wanawake baada ya alasiri. Mkeka mmoja mimi na vitoto vya miaka saba, wao wako mbele, mimi naanza alifu na be. Siku ya kwanza ilipofika zamu yangu ulimi ulikuwa mzito kama nina jiwe mdomoni. Kitoto kimoja kilicheka. Mwalimu, binti mdogo tu kuliko wanangu, akasema mbele ya wote: Bibi Aisha kapokea kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba anayeisoma Kurani kwa kugugumia na inamtaabisha ana ujira mara mbili. "Kwa hiyo hapa," akasema, "mwenye mali nyingi ni bibi." Nililia, nikasoma. Juzuu Amma, ile sehemu ya mwisho ya Kurani, ilinichukua miaka miwili na ushei.

Lakini si hilo nililotaka kukwambia. Umesema hukuwa na neno la kumsindikizia mama. Mwanangu, nani kakwambia safari yake imekwisha? Mtume kasema mwanadamu akifa amali zake hukatika ila tatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Swala ya jeneza ilipita siku ile, na aliyeswalisha ni mtoto wake pia, haikupotea. Lako wewe bado liko mkononi mwako. Mama yako yuko pale anangoja. Mimi ni mama, na nina mtoto wa baharini ambaye hana habari na msikiti. Wallahi sitaki kwake aje na swala za miaka yote. Nataka siku moja aseme, ewe Mola mrehemu mama yangu. Basi.

Shika hii, ni fupi, iko katika Kurani yenyewe, Sura ya 17, aya ya 24: *Rabbi irhamhumaa kamaa rabbayaanii saghiiraa*. Mola wangu, warehemu wazee wangu kama walivyonilea mtoto mdogo. Na ukikwama na Kiarabu, nje ya swala mwombee kwa Kiswahili hicho hicho alichokubembelezea. Kwa hilo huhitaji msikiti wala karatasi. Unaweza kuanza hapo ulipo, gari likiwa limesimama.

---

Msafiri wa Mrima

Naongeza jambo moja tu kwa sababu mwuliza swali ni mtu wa barabara. Katika Bukhari na Muslim kuna habari ya yule mtu wa umma zilizopita aliyeua watu 99. Alikwenda kwa mchamungu akauliza kama ana toba, akaambiwa huna. Akamuua na huyo, wakatimia 100. Kisha akaelekezwa kwa mwanachuoni, naye akamwambia: nani wa kukuzuia na toba? Nenda mji fulani, wako watu wanamwabudu Mungu, kaabudu nao, usirudi kwenu.

Akaondoka. Alipofika katikati ya njia mauti yakamkuta. Malaika wa rehema na malaika wa adhabu wakamgombania, ikaamuliwa wapime umbali: yuko karibu na mji alikotoka au anakokwenda? Wakakuta yuko karibu na anakokwenda kwa shibiri moja.

Kaka, mtu yule hakufika. Hakuswali na wale watu hata siku moja. Alichokuwa nacho ni njia tu, na shibiri. Nimeisikia hadithi hii toka utotoni, lakini nilipokusoma wewe ndipo niliposhtuka kwamba yule bwana alikuwa safarini.

---

Mwana wa Muheza

Nimechelewa kurudi humu, nilikuwa njiani kushuka na mzigo wa shaba. Bi Mkubwa, shikamoo tena, na tena.

Nimesoma majibu yenu Tunduma kwenye foleni, nimezima injini, utingo wangu kalala. Nilipofika kwa Bi Mkubwa sikuweza kuendelea. Nilikaa na simu mapajani. Halafu nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Ewe Mola mrehemu mama yangu." Utingo akaamka akauliza kuna nini, nikamwambia lala. Nikarudia kimya kimya mpaka foleni iliposogea. Toka azikwe nilikuwa sijamwombea hata mara moja, kwa aibu. Nilidhani mwenye uchafu kama mimi akimwombea atamharibia.

Kesho yake, siku ya Ijumaa, tulisimama Makambako kituo cha mafuta, nyuma pana chumba kidogo cha kuswalia, mkeka na ndoo. Nilikuwa nimeandika Tahiyatu nyuma ya karatasi ya mizani. Utingo wangu ni kijana wa Kigoma, anaitikia kila nikimtuma, nikamwambia nimiminie maji. Akamimina. Nilisahau kama kichwa kinatangulia miguu au miguu kichwa, akaniambia, "Kichwa kwanza, bosi." Kumbe anajua. Miezi minane tuko kabini moja, mtoto wa watu alikuwa anaswali nikienda kunywa, na mbele yangu ananyamaza. Hilo limeniuma kwa namna yake. Nilimwambia aswalishe, akakataa, akasema mkubwa ndiye atangulie. Nikamwambia mkubwa hajui. Akatangulia.

Rakaa mbili za adhuhuri, tukasimama tena rakaa mbili za alasiri. Sijida ya kwanza damu ilinijaa kichwani, magoti yalilia, nilinuka dizeli. Sikuona nuru yoyote, nisiwadanganye. Nilichokiona ni vidole vyangu kwenye mkeka, na nikakumbuka vidole vya mama, alikuwa na kidole kimoja cha mkono wa kulia kilichopinda. Nilikuwa sijakikumbuka miaka.

Ijumaa ile ile tulipolaza magari Mikumi wenzangu waliniita mezani kama kawaida. Nikawaambia naumwa tumbo. Ni uongo, sikuweza kusema zaidi. Maalim, naomba unieleze kama hilo nalo linaharibu.

Kuhusu mafuta. Nimejaribu kuhesabu kwa miaka niliyofanya kazi kwa tajiri huyu peke yake, nimeandika kwenye daftari la safari, nimefika lita 2,300 na bado kuna safari sizikumbuki. Nilifikiria njia ya Maalim, kurudisha kimya kimya, na naiona ni njia. Lakini huyu mzee alikuja Muheza kwenye mazishi. Alikaa jamvini na wajomba zangu, akatoa ubani kwenye bahasha, na bahasha ile nilipoipokea nilikuwa na pesa ya mafuta yake mfuko wa shati. Kwa hiyo kaka wa Rungwe, nimechukua njia yako. Mke wangu nimemwambia jana usiku. Alinyamaza muda mrefu, akauliza, "Akikufukuza?" Nikasema sijui. Akasema tutauza ile friji.

Nimempigia tajiri leo asubuhi nikamwambia nina mazungumzo. Amesema niende ofisini Jumamosi saa nne. Daftari nitakwenda nalo.

---

Bi Mkubwa wa Makunduchi

Jumamosi saa nne niko kwenye mswala wangu, mwanangu. Jina la mama yako nani, nimtaje na yeye?

---

Mwana wa Muheza

Mwanahawa.